Sola kwenye maghala ya baridi: ubaridi wenyewe ndio betri ya kwanza

KoiliYaShaba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi kila wiki kwenye majukwaa ya mafundi: "Nina chumba cha baridi cha ukubwa fulani, niweke paneli ngapi na betri ngapi?" Majibu yanamiminika papo hapo. Paneli ishirini, betri kumi, inveta ya kilowati kadhaa. Hakuna anayeuliza mzigo unaingia ukiwa na joto kiasi gani, mlango unafunguliwa mara ngapi, wala huo mzigo ni kitu gani. Kazi yangu ni majokofu makubwa, na msimamo wangu ni kwamba swali la betri linatakiwa kuja mwisho kabisa. Kwanza zuia joto lisiingie, pili hifadhi ubaridi mchana jua likiwa kali, halafu kitakachobaki ndiyo ukipigie hesabu ya betri.

Tufanye hesabu pamoja ili tusibishane hewani. Chukua chumba cha mita 6 kwa 4, kimo mita 3, kinachotakiwa kukaa nyuzi 4. Kuta, dari na sakafu vina kihami joto cha poliyurethani (povu gumu) cha milimita 100. Nje nyuzi 32. Eneo lote linalopitisha joto ni mita za mraba 108, na kwa unene huo wa kihami joto, kinachopenya ni kama wati 700. Kwa saa 24 hiyo ni takribani uniti 17 za joto (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, iwe ya joto au ya umeme).

Sasa ingiza mzigo. Tani mbili za matunda kila siku, zimetoka shambani zikiwa na nyuzi 28. Kuzishusha hadi nyuzi 4 unatakiwa kuondoa takribani uniti 51 za joto. Ongeza mlango, feni, taa, watu wanaoingia na joto ambalo matunda yenyewe yanatoa yakipumua, tuseme uniti 20. Jumla 88. Mtambo wa kawaida unaondoa uniti mbili na nusu za joto kwa kila uniti moja ya umeme, kwa hiyo unahitaji kama uniti 35 za umeme kwa siku. Ukiwa na saa tano za jua kamili na ukakubali kupoteza robo njiani (joto la paneli, vumbi, nyaya, inveta), ni karibu kilowati 9.3 za paneli. Paneli 17 za wati 550, yaani mita za mraba 44 hivi.

Angalieni hizo namba vizuri. Kuta zinazowakosesha watu usingizi zinaleta uniti 17. Mzigo wenyewe unaleta mara tatu yake. Ukivuna alfajiri, ukauweka mzigo kivulini na ukauingiza ukiwa na nyuzi 20 badala ya 28, umepunguza uniti 17 za joto, sawasawa na joto lote linalopenya kuta usiku na mchana. Hizo ni paneli tatu hadi nne ambazo hukuzinunua.

Karibuni tuchangie.

Mkondo3

Mkuu, uzi mzuri. Hapo umezungumzia uniti za siku nzima. Mimi ni mtu wa umeme, na ninachokiona kinawaua watu ni ile sekunde ya kwanza kompresa inapowaka. Mota inayokula ampea 12 ikiwa inazunguka inaweza kuvuta 60 hadi 80 wakati wa kuwaka. Mtu ananunua inveta kwa kuangalia wati zilizoandikwa kwenye kibao cha kompresa, halafu kila ikijaribu kuwaka inveta inajizima. Anamlaumu fundi wa friji, fundi wa friji anamlaumu wa sola.

KoiliYaShaba

Mkondo3 umegusa penyewe. Mkondo wa kuwashia huwa mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Dawa zipo tatu na nimezipanga kwa jinsi ninavyozipenda. Ya kwanza ni kompresa inayoendeshwa na kidhibiti cha mwendo wa mota: inaanza polepole, na ukiwa na kidhibiti kinachosoma nguvu ya jua, kompresa inapunguza kasi wingu likipita na kuongeza jua likirudi. Ya pili ni kugawa mtambo. Badala ya kompresa moja kubwa weka tatu ndogo, ziwake kwa kupishana. Asubuhi jua likiwa hafifu inawaka moja, saa sita zote. Moja ikifa, bado una theluthi mbili za ubaridi, na kwa ghala la mazao au dawa hilo peke yake linatosha kuwa sababu. Ya tatu ni kiwashio laini, ambacho kinapunguza mshtuko wa kuwaka lakini hakikusaidii kufuata jua.

Kuna kitu kingine hapo hapo. Kompresa haipendi kuwashwa na kuzimwa kila dakika kwa sababu ya mawingu. Ikizimwa inahitaji dakika kadhaa msukumo wa gesi usawazike kati ya pande mbili, na mafuta yanatakiwa kurudi kwenye kompresa, yasibaki kwenye mabomba. Hapa ndipo betri ndogo inapofanya kazi ya maana sana: kuvusha dakika kumi au kumi na tano za wingu, na kulisha feni, vihisi na kidhibiti usiku. Betri ya namna hiyo siibishii hata kidogo.

Ghala_la_Juu

Mleta uzi, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani. Betri za lithiamu zimeshuka bei sana kulinganisha na miaka kumi iliyopita. Kwa mfano wako mwenyewe, usiku mtu anahitaji uniti ngapi? Hata kumi hazifiki. Kwa nini nihangaike na matangi ya barafu, pampu na koili za ziada?

KoiliYaShaba

Mkuu, hoja yako ina uzito na nitaijibu kwa namba.

Kwenye chumba kile cha mfano, mzigo ukiingia asubuhi na ukapozwa mchana, usiku wa saa 14 unabakiwa na kuta, feni kidogo na kupumua kwa matunda. Tuseme uniti 14 za joto. Kwa umeme ni kama uniti 5.6. Betri ya uniti 7 ya lithiamu inatosha usiku mmoja, na kwa chumba hicho, ukiwa na jua la uhakika kila siku, nakubaliana nawe: nunua betri, maliza.

Sasa hesabu ya barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334. Kuipasha kilo hiyo hiyo ya maji kwa nyuzi moja ni kilojuli 4.2 tu, kwa hiyo kuyeyuka peke yake ni sawa na kuipasha nyuzi 80. Kwa uniti 14 za joto unahitaji kilo 150 za barafu, weka 200 kwa sababu hutaitumia yote. Ni tangi linalokaa kona moja.

Tofauti inaanza siku ya pili ya mawingu. Ukitaka kuvuka siku tatu bila jua, betri unaizidisha angalau mara tatu, na inveta lazima iwe na nguvu ya kuwasha kompresa kutoka kwenye betri. Barafu unaongeza maji. Maji hayachakai kwa kuchajiwa, hayadhuriki na joto la chumba cha mitambo, na hayana mwisho wa udhamini. Gharama yake ya kweli iko kwenye ufanisi: ili utengeneze barafu lazima evaporeta (koili inayopoza) iwe ya baridi zaidi, na kila nyuzi moja unayoishusha inakula takribani asilimia 2 hadi 4 ya ufanisi wa mtambo. Kutoka nyuzi -4 hadi -10 unaweza kupoteza karibu moja ya tano. Lakini unaipoteza saa sita mchana, kwa umeme wa jua ambao pengine ungekosa pa kwenda.

Ukitaka ushahidi wa miaka mingi, angalia majokofu ya chanjo. Kizazi cha kwanza cha majokofu ya sola kilikuwa na betri za asidi, na hadithi ilikuwa ileile kila mahali: baada ya miaka michache betri zinakufa, fedha za kununua nyingine hazipo, jokofu zima linageuka kabati. Ndipo yakaja majokofu yanayoendeshwa na paneli moja kwa moja, yanayogandisha maji au kitu kingine mchana na kuishi kwa ubaridi huo usiku. Shirika la Afya Duniani linataka jokofu la aina hiyo liweze kukaa angalau siku tatu bila jua huku chanjo zikibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Kituo cha afya kisicho na fundi kimepewa hifadhi ya barafu badala ya betri. Hapo mtu ajiulize kwa nini.

Dozi_Salama

Naunga mkono kuhusu chanjo, ila niongeze tahadhari. Watu wanaogopa joto tu. Chanjo zenye chumvi ya alumini ndani yake, kama ya pepopunda na ya homa ya ini B, zikiganda zimekwisha, na ukiyeyusha hazirudi. Kwa hiyo barafu isigusane na mzigo. Lazima kuwe na ukuta au tabaka la maji katikati ili ubaridi upite taratibu. Anayetaka kujitengenezea mwenyewe kwa kuweka mabonge ya barafu kwenye jokofu la dawa, asifanye.

KoiliYaShaba

Dozi_Salama ahsante, hilo liandikwe kwa wino mzito. Na linahusu mazao pia. Ndizi zikikaa chini ya nyuzi 13 kwa muda zinapata jeraha la baridi: ganda linakuwa la kijivu na haziivi vizuri tena. Ukiwa na tangi la barafu la nyuzi 0 na chumba cha ndizi, feni lazima idhibitiwe na kihisi kilicho katikati ya mzigo. Usitegemee kile kilichobandikwa ukutani karibu na mlango.

Gandisha18

Mnaongelea nyuzi 4 tu. Mimi nina ghala la vitu vilivyogandishwa, nyuzi -18. Barafu ya maji hainisaidii, inayeyuka kwenye 0.

KoiliYaShaba

Kwa kweli kwako sola ina raha zaidi, na watu wengi hawalijui hili. Mzigo wako ndio betri.

Chakula kilichogandishwa kinahitaji takribani kilojuli 1.9 kupanda nyuzi moja kwa kila kilo. Ukiwa na tani 10, na mchana ukazishusha kutoka -18 hadi -24, umehifadhi kilojuli 114,000, yaani karibu uniti 32 za joto. Hujanunua tangi wala betri. Umebadilisha tu kiwango kwenye themostati kwa saa: mchana -24, usiku kompresa inapumzika mpaka mzigo urudi karibu na -18.

Masharti yapo, na ni makali. -18 ni dari, huvuki juu yake hata kidogo, na mpango wote unaelea chini ya mstari huo. Hewa ya chumba inapanda haraka kuliko kiini cha mzigo, kwa hiyo weka vihisi viwili, kimoja hewani na kingine ndani ya boksi la katikati. Mzigo upangwe uwe na nafasi ya hewa kupita. Ukibanana mpaka ukutani, boksi za nje zitaganda vizuri na za katikati hazitashiriki kabisa. Na aiskrimu usiichezee hivyo. Joto likipanda na kushuka, chembe za barafu ndani yake zinakua na mlaji anazisikia ulimini.

Kama unataka hifadhi zaidi ya mzigo, kuna sahani, yaani vyombo bapa vilivyofungwa, zenye maji ya chumvi. Maji yenye asilimia 23 ya chumvi ya kawaida yanaganda na kuyeyuka kwenye nyuzi -21, ambako ni pazuri kabisa kwa ghala la -18. Shida yake ni kutu, basi sahani ziwe zimefungwa vizuri, na evaporeta iende chini zaidi ya -21, kwa hiyo ufanisi unashuka tena.

Jambo la pili kwako, Gandisha18: difrosti, yaani kuyeyusha barafu iliyogandia kwenye koili. Kama koili zako zinayeyushwa kwa hita za umeme, saa yake inaangukia wapi? Maghala mengi saa ilipangwa siku ya kwanza na haijaguswa tena, hita zinawaka saa nane usiku. Zihamishie mchana jua likiwa juu. Au tumia gesi moto ya mtambo wenyewe kuyeyusha, uachane na hita kabisa.

Gandisha18

Nimeangalia. Ni saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri. Nazihamisha. Je, koili inayoganda upande mmoja tu maana yake nini?

KoiliYaShaba

Anza na mlango. Hewa yenye unyevu inaingia na kugandia sehemu ya koili inayoipokea kwanza. Ingia ndani, funga mlango, zima taa, simama dakika moja macho yazoee giza. Ukiona mstari wa mwanga kwenye fremu, mpira wa mlango umekufa hapo. Kisha bana kipande cha karatasi mlangoni na ukivute. Kikitoka bila kushikwa, hewa inapita. Pazia la plastiki nalo likague, kwa sababu wapakiaji hulifunga pembeni kwa kamba lisiwasumbue na linabaki hivyo mwezi mzima. Sina ugomvi nao, mapazia yaliyokakamaa kwa baridi yanachapa uso. Badilisha uweke ya plastiki inayobaki laini kwenye baridi kali, watayaacha yaning'inie.

PaaPana

Swali la ujenzi. Dari ya chumba changu ni paneli za kihami joto, juu kuna nafasi. Naweza kufunga paneli za sola moja kwa moja juu yake?

KoiliYaShaba

Usifanye hivyo mkuu, tafadhali. Paneli za sola pamoja na fremu zake ni kama kilo 15 kwa mita ya mraba, na bado kuna upepo unaozinyanyua. Dari ya kihami joto haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kibaya zaidi ni kila skrubu unayoipenyeza. Bati la upande wa joto ndilo linalozuia mvuke usiingie kwenye povu. Ukilitoboa, mvuke unaingia, unafika sehemu ya baridi, unageuka maji au barafu ndani ya povu, na povu lenye maji halizuii tena joto. Hutaliona kwa macho mpaka paneli ya dari ianze kuwa nzito na kuvimba.

Jenga paa la pili linalojitegemea juu ya chumba na uweke sola hapo, ukiacha nafasi hewa ipite. Utapata faida mara mbili. Chumba kinakaa kivulini, na paneli zinapoa. Paneli hupimwa kiwandani zikiwa na nyuzi 25, ila juani zinafika 60 na zaidi, na kila nyuzi inayozidi inapunguza umeme kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Kwenye nyuzi 65 umepoteza karibu asilimia 14. Kondensa (sehemu ya mtambo inayotoa joto nje) nayo ipate kivuli hicho hicho, lakini isipulizie hewa yake ya moto chini ya paneli.

Ghala_la_Juu

Na sisi wa maghala makubwa? Paa langu lina mita za mraba 5,000, kimo mita 10.

KoiliYaShaba

Hapo sola haitakubeba yote, tuseme ukweli mapema. Ukiacha njia za kupita, mianga na mitambo, paa hilo litabeba labda kilowati 650. Mahali penye jua la kutosha, kila kilowati inaweza kuzalisha uniti 1,500 kwa mwaka, jumla karibu 975,000. Ghala lako lina mita za ujazo 50,000. Tukichukua uniti 50 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka, unatumia milioni 2.5. Sola inagusa asilimia 39. Ghala lilelile likiwa na kimo mita 5, uwiano unapanda sana, kwa sababu paa halijabadilika na ujazo umekuwa nusu. Kwa hiyo wewe unabaki na gridi, na kazi ya sola pamoja na ule mpango wa kushusha joto mchana ni kukuondolea matumizi ya saa za jioni.

Mkifika kubadilisha mtambo, angalieni na gesi ya kupozea iliyo ndani yake. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 kwenye Itifaki ya Montreal yanazipunguza hatua kwa hatua gesi kama R-404A, ambayo kilo moja inapasha dunia zaidi ya kilo 3,900 za kaboni dioksidi. Kufunga sola kwenye mtambo unaovuja gesi hiyo ni kuliponya tatizo nusu. Amonia na propani ni nzuri, ila amonia ni sumu na propani inawaka, zinahitaji fundi aliyesomea.

Magurudumu10

Na sisi wasafirishaji? Nataka kuweka sola juu ya trela la baridi niachane na dizeli.

KoiliYaShaba

Paa la trela la mita 13.6 lina kama mita za mraba 34, zitabeba kilowati 6 hivi zikiwa zimelala. Kwa saa tano za jua na hasara zile zile, ni uniti 22 kwa siku. Mtambo wa kupoza trela unaweza kuvuta kilowati kadhaa saa baada ya saa, kwa hiyo kwa safari ndefu sola ya paani inasaidia tu, haiwezi kubeba peke yake. Kwa gari dogo la kusambaza mjini mambo ni tofauti: weka sahani za kugandisha ndani ya bodi, zichajiwe mchana kwenye bohari lenye sola, na alfajiri gari liondoke na ubaridi wa siku nzima bila injini ya kupozea.

Na kumbuka mtambo wa gari umetengenezwa kutunza ubaridi. Kupoza mzigo wa moto siyo kazi yake. Poza bodi kabla ya kupakia, na mzigo uingie ukiwa tayari kwenye joto lake. Mzigo wa nyuzi 20 ukiupakia kwenye trela la nyuzi 4, utafika mwisho wa safari katikati bado uko vuguvugu, sola au dizeli.

Mkondo3

La mwisho kutoka kwangu: wapo wanaoweka betri za lithiamu ndani ya chumba cha baridi ili zisipate joto. Sawa au?

KoiliYaShaba

Siyo sawa. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, seli zinaharibika ndani bila dalili ya nje. Kwenye chumba cha nyuzi 4 itachajiwa, lakini mtambo wa ulinzi wa betri utapunguza kasi, unyevu utafanya kazi yake kwenye viunganishi, na joto la betri yenyewe inapochaji utalilipia kwa kompresa. Iweke nje ya chumba, kivulini, mahali pakavu penye hewa, na nyaya zake ziingie kwenye chumba cha mitambo kupitia tundu moja lililozibwa kwa povu pande zote mbili.

Mwenye namba za ghala lake azilete hapa: vipimo vya chumba, unene wa kihami joto, kilo zinazoingia kwa siku na joto lake zikiwa mlangoni. Tutazipigia hesabu moja moja.